Utengamao wa mapafu nyumbani kwa simu ya video: kipimo cha zoezi ndicho tiba

Mtu anayekatika pumzi akipanda ngazi huanza kuzikwepa ngazi, kisha soko, kisha msikiti au kanisa. Misuli ya mapaja isiyotumika hunyong'onyea, na ikinyong'onyea hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Basi pumzi inazidi kukatika. Utengamao, yaani programu ya mazoezi yanayoongozwa na msimamizi, hauponyi mapafu yaliyokwisha kuharibiwa na tumbaku, moshi wa kuni au kifua kikuu. Unachorudisha ni misuli, na ikirudi, ngazi zilezile hupandika kwa pumzi pungufu.

Simu haipunguzi thamani ya tiba hii. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kuwa wanaofanya mazoezi wakisimamiwa kwa mbali hupata matokeo yanayokaribiana na ya wanaokwenda kituoni, tena wengi zaidi humaliza programu. Na huko Kampala, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuata watu waliokwisha kupona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu. Baada ya wiki 6 za mazoezi, walitembea mbali zaidi.

Hata hivyo, ziara ya kwanza iwe ya ana kwa ana. Daktari asikilize moyo na kifua, apime uwezo wa kupuliza pumzi, na apime makohozi ikiwa kuna kikohozi cha wiki 2, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito. Aliyepata mshtuko wa moyo hivi karibuni, au anayeumwa kifua hata akiwa amepumzika, asianze.

Kisha pima pa kuanzia. Tafuta kiti kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 46 hivi, ukiegemeze ukutani. Viti vya plastiki juu ya vigae huteleza na miguu yake hutanuka, kwa hiyo viepuke kabisa. Mikono ikiwa kiunoni, mgonjwa asimame na kuketi mara nyingi awezavyo kwa dakika 1. Andika idadi, pamoja na mapigo ya moyo na asilimia ya oksijeni ya damu zinazoonyeshwa na kifaa kinachobanwa kidoleni. Usivue kifaa cha kidoleni mara tu dakika inapokwisha: mara nyingi oksijeni hufika chini kabisa baada ya mtu kuketi, na anayekivua mapema hukosa namba muhimu kuliko zote. Akija kuongeza mara 3 au zaidi kwenye kipimo hiki, hayo ni maendeleo ya kweli.

Kifaa hicho nacho kina hila zake. Piko, rangi ya kucha na vidole baridi huvuruga usomaji. Hamia kidole kisichopakwa, pasha mkono joto, tulia hadi namba zikae. Kwenye ngozi nyeusi baadhi ya vifaa husoma juu kuliko hali halisi. Kwa sababu hiyo, ingawa programu nyingine hustahimili hadi asilimia 85, tunashauri zoezi lisimame oksijeni ikishuka chini ya asilimia 88, lisiendelee mpaka imepanda. Ikiwa mtu huwa chini ya hapo hata akipumzika, daktari ndiye aamue kiwango chake kabla ya zoezi lolote.

Vipindi vya kusimamiwa viwe 2 au 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Mwenye makohozi mengi ayatoe kwanza: avute pumzi ndefu mara 3 au 4, apumzike, kisha apulize kwa nguvu mdomo wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo. Ikiwa daktari ameagiza salbutamol (dawa ya kuvuta inayopanua njia za hewa) kabla ya mazoezi, ivutwe dakika 10 hadi 15 kabla, kupitia chupa ya kuvutia dawa. Asiye na ya dukani anaweza kutoboa kitako cha chupa safi ya maji ya mililita 500, tundu likibana mdomo wa pampu ya dawa barabara.

Baada ya dakika 5 za kupasha mwili, tembea uani au papo hapo dakika 2, pumzika 1, hadi kutembea kufike dakika 10. Wiki zinavyosonga, punguza mapumziko na ufikie dakika 20 au 30. Hapa ndipo programu nyingi zinapoharibikia: mgonjwa anaogopa kuhema, msimamizi anaogopa kuwa mbali, zoezi linakuwa jepesi mno na wiki 8 zinapita bure. Kuhema kwa kiasi ndiko kunakotakiwa. Kwenye kipimo cha Borg, ambapo mgonjwa mwenyewe hutaja anavyohema kutoka 0 (hahemi kabisa) hadi 10 (kupita kiasi), lenga 4 hadi 6: sentensi fupi inatoka, wimbo hautoki.

Ili kujenga nguvu, fanya kusimama na kuketi, kuinuka kwa vidole vya miguu, na kunyanyua chupa za maji. Ya lita 1 ina uzito wa kilo 1. Rudia mara 8 hadi 12, mizunguko 2. Mizunguko ikikamilika chini ya 4 kwenye Borg vipindi viwili mfululizo, ongeza uzito. Toa pumzi kwa midomo iliyobanwa wakati wa kunyanyuka, usiizuie. Mazoezi ya kunyanyua mikono kupita mabega yaje baadaye, kwani misuli yake husaidia pia kupumua.

Simu ikae umbali wa mita 2, ubavuni mwa mgonjwa, mwanga wa dirisha ukimwangukia yeye. Msimamizi lazima aone miguu na kifua. Uso peke yake haumwambii kitu. Jiko la mkaa liwe limezimwa. Kabla ya kuanza, msimamizi awe na namba ya mtu mwingine aliye nyumbani, maelezo ya njia ya kufika, na jina la hospitali ya karibu. Mtandao ukikatika, mgonjwa aketi, na simu ya kawaida ipigwe mara moja.

Kizunguzungu, maumivu ya kifua, midomo kugeuka rangi au damu kwenye makohozi: acha, nenda hospitali. Makohozi yakiongezeka na kubadilika rangi, muone daktari. Ukipata nafuu, rudi na nusu ya kazi uliyokuwa ukifanya. Na baada ya wiki 8 usiache, maana nguvu zilizopatikana huyeyuka miezi michache tu mtu akirudi kuketi.