Tunapanda au Tunashuka? Kwa Wanafunzi Wanaokuja Mafunzo kwa Vitendo katika Okestra

Jumanne iliyopita, klarineti zetu mbili zilianza wimbo ambao tumeupiga kwa miaka mingi, na wimbo ukatembea kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Mwongozaji alisimamisha mikono, akatazama upande wa klarineti, kisha akanitazama mimi, nami nikawatazama vijana wawili wa chuo walio katika wiki yao ya tatu ya mafunzo kwa vitendo, ambao ndio waliochapa nota na kuzigawa. Mmoja wao alisema kwa upole kabisa kwamba programu ndiyo iliyochapa hivyo. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikatoka nje kunywa maji.

Kilichotokea ni hiki: katika MuseScore, programu ya kuandikia na kuchapia nota, kuna kitufe kinachoonyesha ala zote jinsi zinavyosikika, nao walikiacha kikiwa kimewashwa, wakachapa, na klarineti ya Bi-flati ikapewa nota zilezile za fidla. Muziki wote ulikuwa katika ufunguo wa F, klarineti zikalia toni moja chini. Sitawaeleza ninyi klarineti ya Bi-flati ni nini, zaidi ya kwamba hulia toni moja chini ya kilichoandikwa, kwa kuwa mmelisoma hilo mwaka wa kwanza, au mlipaswa kuwa mmelisoma. Ninaandika kwa sababu kosa lile ni ndugu wa tumbo moja na kosa langu, na kwa sababu mwezi Julai wengine watafika na barua zao za utambulisho, nami sina nguvu ya kutoka nje kunywa maji kila mwaka.

1. Kuhusu saa. Mazoezi ya saa nane mchana maana yake ni kwamba saa nane kamili obo inatoa A ya kuwekea ala zote sawa na kila mtu amekwisha kukaa, ala ikiwa mkononi. Mwanafunzi anayeingia saa nane amechelewa kwa dakika arobaini na tano, kwa sababu viti, stendi za nota na jukwaa la mwongozaji havijipangi vyenyewe. Kisingizio cha daladala kimetumiwa na waliowatangulia mpaka kimechakaa. Tafuteni kingine, au tokeni mapema.

2. Kuhusu hewa ya hapa. Vitabu mnavyosoma vimeandikwa na watu wanaoogopa unyevu. Hapa Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba adui ni ukavu, upepo na vumbi. Mbao hunywea, vigingi vya fidla huteleza, na ala iliyowekwa sawa jana jioni leo asubuhi hukutwa nyuzi zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Msiikazie kwa hasira. Sukumeni kigingi ndani taratibu huku mkikizungusha, na kama hamjawahi kufanya hivyo, mwacheni mwenye ala afanye mwenyewe. Kwa maonyesho ya nje, njooni na vibanio vya nguo, angalau viwili kwa kila stendi, kwa sababu upepo wa Julai hausubiri ukurasa uishe. Kuna onyesho moja ambalo nota za horni ya pili ziliruka zikaangukia meza ya waalikwa, juu ya sahani ya pilau, na mzee mmoja akazikunja vizuri akazitia mfukoni akidhani ni ratiba. Horni ya pili ilipiga nusu ya onyesho kwa kumbukumbu na nusu kwa imani.

Jambo jingine ni jua. Gundi inayoshika mbao za ala za nyuzi hulegea kwa joto. Nimeona selo iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa vioo, karibu na Nyerere Square, wakati watu wakila chipsi. Waliporudi, ubavu ulikuwa umeachia pengo la kupitisha sarafu ya mia mbili. Aliyeiacha si mimi. Mimi nina kosa langu.

3. Kuhusu kujifanya unajua. Nililelewa na kwaya. Katika kwaya yetu nota ni solfa, mfumo ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19 na ambao ulifika kwetu kwa mikono ya wamisionari: juu ya karatasi imeandikwa Do ni F, na kuanzia hapo soprano, alto, tena na besi wote wanasoma d r m f s l t zilezile. Do ni ya wote, kama kisima cha kijiji. Kwa solfa nilikuwa hodari, niliweza kusoma besi ya wimbo nisioujua huku nikitafuna muwa. Nota za mistari mitano, kwa upande mwingine, nilizisoma kwa kuhesabu mistari kwa ncha ya kidole.

Siku ya kwanza ya mafunzo, mama aliyekuwa mtunza nota wa okestra aliniuliza kama ninasoma nota, nikajibu kwamba ninasoma zote. Akaniuliza kama ninajua kuhamisha ufunguo kwa ala za Bi-flati. Nikatikisa kichwa kwa namna ambayo mtu mwema angeielewa kuwa ni ndiyo. Yeye alikuwa mtu mwema.

Wiki ya nne alipata msiba, akasafiri kwenda Kondoa. Siku hiyohiyo ikaletwa machi mpya ya kumwingiza mgeni rasmi katika hafla ya kufunga mkutano mmoja, ikiwa na nota kuu, yenye sehemu za ala zote, na karatasi za fidla, lakini bila karatasi za klarineti wala tarumbeta, na hafla ilikuwa kesho yake jioni. Mwongozaji alinipa nota kuu na karatasi tupu, akaniambia niandike za klarineti mbili na tarumbeta mbili, kisha niziweke kwenye stendi. Huo ndio wakati ambao mtu mwenye akili angesema, "Shikamoo mzee, naomba unionyeshe moja, hizi nyingine nitamalizia." Sikusema. Nilikwenda nyumbani nazo, nikawasha taa, nikafikiri hivi: klarineti ya Bi-flati hulia toni moja chini ya kilichoandikwa, kwa hiyo ala inashuka, kwa hiyo na karatasi ishuke ili viende pamoja. Nilijiona nimepata hekima. Ufunguo wa muziki ulikuwa F, nami nikashusha hadi E-flati, nikaandika flati tatu, zile alama za kushusha sauti, mwanzoni mwa kila mstari kwa mwandiko mzuri ambao hata leo sijaupata tena. Nilimaliza saa tisa usiku. Katika kitabu changu cha kumbukumbu za kila siku niliandika: "Leo nimehamisha ufunguo kwa ala nne bila msaada." Sentensi hiyo bado ipo, na ina sahihi ya msimamizi, kwa maana siku hizo walikuwa wakitia sahihi kurasa za wiki nzima kwa mara moja.

Mnaona nilichofanya. Ala inashuka toni moja, kwa hiyo karatasi ilitakiwa kupanda toni moja, iwe G, yenye shapu moja, ile alama ya kupandisha sauti. Mimi niliishusha, ala ikaishusha tena, na machi ya F ikatoka kwenye klarineti na tarumbeta ikiwa D-flati, toni mbili kamili chini ya fidla.

Mazoezi ya siku ile hayakuwepo kwa sababu ukumbi ulikuwa ukipambwa, na nota niliziweka kwenye stendi dakika kumi kabla ya mgeni rasmi kufika. Mzee wa klarineti ya kwanza alikaa, akavaa miwani, akaziona zile flati tatu. Alinyoosha shingo akachungulia stendi ya fidla, akaona flati moja. Alinigeukia, akafungua mdomo ili aseme neno, na hapohapo mshereheshaji akawaomba wageni wote wasimame.

Machi ile ilikuwa na vipimo vinne vya mwanzo ambavyo ala zote hupiga wimbo mmoja kwa pamoja, bila akodi yoyote, yaani nota kadhaa zinazolia kwa pamoja, chini yake. Kwa vipimo hivyo vinne, nawaambieni ukweli, ilisikika vizuri. Fidla zilikuwa juu na klarineti chini kwa theluthi kubwa, yaani zile toni mbili, kila nota, kama soprano na alto za kwaya isiyo na mwalimu lakini yenye mapenzi. Mimi niliyesimama kando ya pazia nilitabasamu. Kipimo cha tano akodi ya F ikaingia kwa selo na besi, tarumbeta zikaingia na D-flati yao kwa nguvu waliyoelekezwa, na ukumbi mzima ukakunja uso kwa wakati mmoja, kama watu waliotafuna ndimu. Mgeni rasmi alikuwa amefika katikati ya zulia. Alipunguza mwendo. Nadhani alifikiri ni ishara ya usalama.

Mwongozaji hakusimamisha muziki. Aliinua mkono wa kushoto kuelekea nyuma, akaufunga taratibu kama mtu anayekamata nzi bila kutaka kumwua, na klarineti na tarumbeta zikanyamaza. Zilibaki fidla, selo, besi na ngoma moja ndogo, na kwa machi hiyo iliyogeuka wimbo wa kubembeleza mtoto mgeni rasmi alitembea hadi kwenye kiti chake. Wapiga tarumbeta walikaa mpaka mwisho, ala zikiwa magotini, wakitazama dari.

Hakuna aliyenigombeza usiku ule, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama mmoja kati ya wageni alinifuata kunipongeza kwa ile sehemu ya mwanzo ya sauti mbili. Mwongozaji alichukua karatasi zangu nne, akazisoma chini ya taa, akampa mzee wa klarineti bila neno. Mzee akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya daktari anayemwuliza mgonjwa kama amekula: "Kijana, tunapanda au tunashuka?" Nikasema tunashuka. Akasema, "Ala inashuka. Wewe panda." Mtunza nota aliporudi kutoka msibani aliniandikisha karatasi zile kwa mkono mara tatu, zikiwa sahihi, huku nikimsomea kwa sauti kila nota kama inavyoandikwa na kama inavyosikika. Kilichomuudhi zaidi, alisema, ni kile kichwa nilichokitikisa siku ya kwanza.

Njia ya kukagua ni fupi. Weka karatasi ya klarineti au tarumbeta ya Bi-flati kando ya karatasi ya fidla: lazima iwe na shapu mbili zaidi, au flati mbili pungufu, au, kama katika machi yangu, flati moja igeuke shapu moja. Horni ya F, shapu moja zaidi au flati moja pungufu. Ikiwa zinafanana kabisa na za fidla, umeacha kile kitufe kimewashwa. Ikiwa flati zimeongezeka, wewe ni mimi.

4. Kuhusu kifaa cha kupimia sauti kilicho kwenye simu zenu. Ni kizuri, kitumieni kwa fidla na selo. Mwaka mmoja tulipiga pamoja na kikundi cha wapiga zeze na ilimba, ile ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba, kutoka Chamwino, na mwanafunzi wetu, binti mwenye bidii sana, alimwendea mzee wa zeze, akamsalimu "Mbukwa" kwa adabu zote, akamwomba aguse nyuzi moja moja ili amrekebishie kwa A ya 440. Mzee alimwacha apime hadi mwisho. Kisha akamwuliza, "Mwanangu, hicho kifaa chako kilijifunza kuimba wapi?" Ngazi ya muziki wa Wagogo inafuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi mmoja, kwa hiyo baadhi ya hatua zake huangukia katikati ya vibonye vya kinanda, na Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alizunguka nchi nyingi na ngazi hiyo bila mtu yeyote kumrekebishia. Katika onyesho lile ni fidla zetu zilizosogea kumfuata mzee, na wapiga fidla wawili waliokuwa wakijivuna tangu asubuhi walitoka jasho.

5. Yaliyobaki nayasema kwa mkupuo kwa sababu nimekwisha kuandika mengi. Njooni na penseli, si kalamu, na kifutio. Usiguse ala ya mtu hata kama inaanguka, isipokuwa kama inaanguka kweli. Timpani, zile ngoma kubwa za okestra, si meza ya kuwekea soda. Nambari za vipimo ziandikwe kwenye kila karatasi kabla ya mazoezi. Nakala za pande mbili zikaguliwe ukurasa kwa ukurasa palepale dukani kabla ya kulipa, kwa kuwa ukurasa wa nne una tabia ya kubaki kwenye mashine. Sahihi za kitabu cha kumbukumbu ziombwe kila Ijumaa, wala zisiombwe siku ambayo mhadhiri wenu amefika kuwakagua. Na anayetuongoza mwiteni mwongozaji au mwalimu. Ukimwita kondakta, wapiga ngoma watamwuliza nauli, na utani huo umetuchosha.

Wale vijana wawili wa Jumanne wamekwisha kuchapa upya, wakakagua kwa shapu, wakaleta vibanio vya nguo vya rangi tatu bila kuambiwa, na sina shaka nao. Mzee wa klarineti sasa amestaafu. Jumamosi nilikutana naye soko la Sabasaba akichagua nyanya, nikampa shikamoo, nikamsimulia yote, jinsi klarineti zilivyolia na jinsi programu ilivyosingiziwa. Alisikiliza mpaka mwisho, nyanya mkononi.

"Walishuka ngapi?" akauliza.

Nikamwambia toni moja.

"Moja tu?" akasema, akairudisha nyanya kwenye fungu. "Basi wamekuzidi. Wewe ulishuka mbili."