Maswali yenu: mradi wa serikali ukifika mtaani, pingamizi lina uzito gani?

Mtaa wetu hapa Igogo, Mwanza, tumekusanya saini nyingi kupinga njia ya barabara mpya. Zitahesabiwa kama kura?

Hapana, na ni vizuri mjue mapema. Anayepima pingamizi anatafuta sababu: nani anaumia, kiasi gani, na kama ipo njia nyingine. Barua mia zenye maneno yaleyale ni hoja moja. Kila kaya iandike la kwake: huyu maji ya mlimani yatamwingilia ndani, yule watoto watavuka barabara kwenda shule. Saini ziambatanisheni tu.

Naanika dagaa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na sina hati yoyote. Bandari ikijengwa nitasikilizwa?

Dada yangu, una haki ya kusikilizwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka wananchi washirikishwe kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, na Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki uamuzi wa mambo yanayomhusu. Hakuna panaposema wenye hati peke yao.

Tatizo ni kwamba fidia hufuata ardhi na mali, kwa hiyo anayeishi kwa biashara ya mahali husahaulika. Daraja la Kigongo–Busisi, juu ya Ziwa Victoria, lilipofunguliwa Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema aliacha kusubiri kivuko. Lilihitajika sana. Lakini aliyekuwa akiwauzia abiria wa foleni alipoteza wateja, na hasara ya namna hiyo haionekani kwenye ramani ya mpimaji. Lazima aiseme mwenyewe.

Kwa hiyo andika unaanika wapi, ndoo ngapi usiku wa giza mwezi usipoonekana, unawalipa vibarua wangapi. Kisha omba jambo linalotekelezeka: chanja za kuanikia zihamishiwe wapi, karibu na maji. Wakikwambia uko ndani ya mita 60 za ziwa, eneo linalolindwa kisheria, hilo ni suala la kibali cha kuwa pale. Halifuti ukweli kwamba mradi unakugusa. Barua mpe mtendaji wa mtaa, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, akina mama tuko sokoni. Sasa wanasema tulikubali.

Ombeni muhtasari na orodha ya mahudhurio, halafu andikeni nani hakuwepo na kwa nini, mkidai mkutano mwingine jioni. Mimi siuiti huo ushirikishwaji. Na hoja ikikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Bila hiyo huna pa kushika ukikata rufaa.

Kupinga si kukwamisha maendeleo?

Hapana. Ni afadhali kasoro ionekane kwenye mchoro kuliko kwenye zege.

Nyumba yetu ilithaminiwa, miezi tisa imepita kimya.

Uliza tarehe ambayo Mthamini Mkuu wa Serikali aliidhinisha uthamini huo. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, miezi sita ikipita tangu siku hiyo bila malipo unadai riba, na miaka miwili ikiisha uthamini ule haufai tena, unafanywa upya.