Jengo la mawe lililofungwa: tuanzie wapi kabla ya masika?

SWALI: Assalaam alaykum. Nasimamia jengo la serikali la ghorofa mbili, Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, limefungwa likisubiri mwekezaji. Fundi anataka tuzibe madirisha kwa matofali na tupige lipu ya saruji nje. Fedha ni kidogo. Tumfuate?

JIBU: Wa alaykum salaam. Msimfuate, na kama saruji imeshanunuliwa, irudi dukani.

Fedha hizo zipandisheni juu ya paa. Bati moja lililotoboka au mlizamu (mfereji wa maji ya paa) ulioziba majani humwaga maji pale pale vichwa vya boriti vilipoingia ukutani. Hapo ndipo boriti ya mkoko huanzia kuoza, na mchwa hufuata unyevu huo huo. Katikati ya chumba boriti itaonekana nzima kabisa, kwa hiyo ichunguzeni karibu na ukuta: igongeni kwa nyundo, ichomeni kwa bisibisi. Ikilia uvungu au bisibisi ikizama, wekeni nguzo ya muda, na chini yake nyingine katika kila sakafu hadi ardhini. Nguzo iliyosimama juu ya sakafu mbovu inahamisha tatizo tu. Wala si dari peke yake iliyo hatarini: boriti hizo ndizo zinazoshikanisha kuta, zikikatika vichwa ukuta huanza kuinamia nje.

Saruji kosa lake ni kuzuia ukuta kukauka. Mawe yetu ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo hufyonza maji kisha huyatoa. Lipu ya saruji huyafungia ndani pamoja na chumvi, mawe yakamung'unyuka nyuma ya uso mzuri. Zibeni nyufa kwa chokaa na mchanga.

Madirisha yafungeni, lakini kwa mbao zenye nafasi au wavu, hewa ipite. Kateni umeme na maji. Miche ya mitini inayoota ukutani ikateni ingali midogo. Iliyokwisha kuzamisha mizizi msiing'oe kwa nguvu, itatoka na mawe.

Kusubiri mwekezaji, au hata mafundi kuwapo kazini, si kinga. Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 la hapo hapo Mji Mkongwe, lilikuwa katika matengenezo lilipoporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, watu 2 wakafariki. Mkiona ukuta umebeua tumbo, zungusheni uzio upande wa njia siku hiyo hiyo, ndipo muiandikie Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kibali chao mtakihitaji hata kwa matengenezo haya madogo.