Manyoya Yaache, Anza na Uzito

Wanaoanza kuchapa picha za wanyama kwa bamba la shaba karibu wote huniuliza swali moja: manyoya niyafanyeje? Yaache kwanza. Tafuta uzito wa mnyama uko wapi, na brashi ianzie hapo.

Mimi hili nimejifunza kwa kuzitazama sana chapa ambazo mchoraji Picasso alianza kuzitengeneza mwaka 1936 kwa ajili ya maandishi ya Buffon, mtaalamu wa viumbe wa Ufaransa wa karne ya 18. Kitabu kilitoka Paris mwaka 1942, kikiwa na chapa 31. Wengi hukimbilia fahali wa Picasso wa 1945–46, yule aliyemvua nyama hatua kwa hatua hadi ikabaki mistari michache. Ni kazi kubwa, ila inafundisha kupunguza. Wanyama wa Buffon wanafundisha kuweka alama na kuondoa mkono.

Siri yao ni sukari. Unaiyeyusha kwenye maji moto hadi iwe nzito, unatia wino uione vizuri, unachora kwa brashi juu ya bamba la shaba. Ikishika, paka vanishi nyembamba isiyoliwa na asidi bamba zima, kisha lizamishe kwenye maji ya uvuguvugu. Sukari huyeyuka na kung'oa vanishi iliyoifunika, shaba ikabaki wazi palepale brashi ilipopita. Nyunyiza unga wa ulimbo na uupashe moto ugande. Punje zake ndizo zitakazofanya wino ushike sehemu pana. Halafu lizamishe bamba kwenye asidi, iichimbe shaba iliyo wazi. (Fungua madirisha, sitanii.) Mpigo wako, mnono au wa kukwaruza, utatokea kwenye karatasi kama ulivyoupiga.

Kabla ya kuchora, safisha bamba kwa unga wa chaki na siki, la sivyo sukari itajikunja matone. Kumbuka pia kwamba mnyama anayetazama kulia kwenye bamba atatoka akitazama kushoto.

Begani na pajani, jaza brashi na upige mara moja, kufuata msuli unakovuta. Ukirudia juu ya sukari mbichi, utaiburuza na mpigo utapoteza kingo zake. Mkiani tumia brashi iliyokaribia kukauka. Nywele za brashi zikitawanyika, manyoya umeshayapata. Sufu ya kondoo mimi huigusa kwa ncha tu, nikiacha weupe mwingi kuliko ninaodhani unatosha. Jicho huja mwisho, na mara nyingi paji la uso limeshalionyesha, basi silichori kabisa.