Swali la lugha: Nambari 510,510 isomwe vipi?

Swali: Mwalimu, nasomesha hisabati huku Kisauni. Niliandika 510,510 ubaoni; mwanafunzi mmoja akasoma "laki tano, elfu kumi, mia tano na kumi", mwengine akasoma "elfu mia tano na kumi, mia tano na kumi". Nani aliyepatia? Na je, niseme nambari hii "imegawanyika kwa 7" au "inagawika kwa 7"?

Jibu: Wote wawili wamepatia. Ila "elfu mia tano na kumi" ikisimama peke yake ina maana mbili, 510,000 au 500,010, kwa kuwa "na" haituambii kama kumi imo ndani ya maelfu au imeongezwa nje yake. Anayeandika hundi, au anayepatana bei ya shehena ya vitunguu Kongowea, na atumie laki, maana "laki tano na elfu kumi" haigombaniwi. Katika nambari yako utata huo unaondoka mara tu msomaji anapomaliza, kwani hakuna asemaye 500,010 kisha akaongeza mia tano na kumi nyingine.

Hata hivyo, mbele ya ubao ningechagua usomaji wa pili, na sababu yangu ni ya hisabati zaidi kuliko ya sarufi. Sikio linasikia "mia tano na kumi" mara mbili, ya kwanza ikiwa ya maelfu, na huo ndio muundo wa nambari yenyewe: 510 mara 1,001. Kwa kuwa 1,001 ni zao la 7, 11 na 13, nambari yoyote ya tarakimu sita ambayo tarakimu zake tatu za mwisho zinarudia zile tatu za kwanza hugawika kwa vigawo hivyo vyote. Ukiongeza vigawo tasa vya 510, yaani 2, 3, 5 na 17, unapata nambari tasa saba za mwanzo, kila moja ikitokea mara moja tu. Ndiyo sababu 510,510 ina vigawo 128, na kipeuo chake cha pili hakiwezi kuwa nambari nzima. Tena ni zao la 714 na 715, nambari mbili zinazofuatana. Usomaji wa laki, kwa usahihi wake wote, unaficha ule mrudio.

Ama kitenzi, sema "inagawika kwa 7" au "hugawika kwa 7 bila baki". "Imegawanyika" inaeleza tendo lililokwisha kutendeka, kana kwamba kuna mtu ameshaigawa, ilhali sifa ya nambari haimngoji mgawaji. Na "kwa" isichanganywe na "katika", ambayo hutaja mafungu: chungwa hugawanyika katika vipande.

Wanafunzi wako pia waangalie irabu ya mwisho: 7 ni kigawo cha 510,510, na 510,510 ni kigawe cha 7.