Mashine ndogo ya gesi kama akiba ya Yamaha 40, uzoefu wangu huku Mwanza

Mkuu umesema una boti ya fiber futi 21, mashine yako ni Yamaha 40 ile ya kuchanganya oili, unatega migonzo ya ndoano upande wa kisiwa cha Kome na unatafuta mashine ndogo ya kurudia nyumbani kubwa ikigoma, ukaona mtandaoni hizi za hp 5 zinazotumia gesi ya mtungi. Wachangiaji hapo juu wamekucheka eti gesi ni ya kuchemshia maharage. Mimi ninayo, imefungwa kwenye boti yangu hapa Luchelele, kwa hiyo ngoja nikupe ninachokijua.

Mashine ya akiba muda mwingi imekaa tu, hiyo ndiyo kazi yake, na hapo ndipo za petroli zinapotuangusha. Imekaa miezi, mafuta yaliyobaki kwenye kabureta yamegeuka utando wa kahawia umeziba jeti, siku unayoitaka upo katikati ya maji na upepo umeshaamka unavuta kamba mpaka bega linakufa ganzi, haikohoi hata. Na petroli ya kwenye madumu visiwani unaijua, ukiiacha itulie unaona maji yamekaa chini. Gesi haichachi aisee. Ikae mwaka kwenye mtungi ni ileile, choki hakuna, lile puto la kubonyeza kwenye hozi hakuna, unafungua mtungi unavuta kamba. Yangu huwa inawaka mvuto wa pili au wa tatu, ule wa kwanza gesi inakuwa bado inajaa kwenye mpira.

Wanaokwambia chukua ya petroli ili mashine zote mbili zitumie tangi moja, kwako wewe hiyo haisimami. Mafuta ya 40 yako yana oili ndani, hizi ndogo za kisasa oili yake inakaa chini ya injini kama gari na zinataka petroli safi. Bado ungebeba madumu mawili. Labda upate ndogo ya zamani ya kuchanganya, na ikiwa nzima, basi hapo ni sawa na hata mimi ningeichukua.

Sasa kero za gesi. Kubwa kuliko zote ni kichwa cha mtungi. Mpira unaokuja na mashine hizi kwa kawaida una nati inayoingia kwenye mitungi ya Marekani, ya kwetu haiingii, na hata hapa hapa valvu ya kilo 6 na ya kilo 15 hazifanani. Usije ukafunga regyuleta ya jikoni ukadhani umemaliza, ile inashusha presha mpaka inakuwa kidogo mno na mashine ina regyuleta yake ndani. Unatakiwa upate adapta ya kichwa cha mtungi unaoupata kwa urahisi, ifungwe na fundi wa gesi, siyo fundi wa mashine. Usilipie mashine kabla hujaishika adapta mkononi.

Halafu gesi yetu ya kupikia ni propeni iliyochanganywa na buteni. Propeni inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, buteni inachemkia karibu na sifuri yenyewe. Kwa joto la Mwanza zote zinatoka vizuri, ila ukikaza moto, yaani ukiikimbiza mashine, kwa muda mrefu mtungi mdogo unapoa, unauona unatoka jasho mpaka ule mstari wa gesi ilipofika unaonekana kwa nje, na presha inashuka. Tena propeni inawahi kutoka, kwa hiyo mtungi ukikaribia kuisha kilichobaki ni buteni nyingi na mashine inalegea. Mimi naendesha robo tatu ya moto, inatosha. Kilo 6 za gesi nguvu yake ni kama lita nane na nusu za petroli, kwa hp 5 hiyo inakusogeza mbali.

Usalama sasa, hapa sitanii. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inashuka inajikusanya kwenye sakafu ya boti palepale vijana wanapowasha jiko la mkaa kukaanga samaki usiku. Mtungi ukae nyuma kabisa ambapo ikivuja itamwagikia majini, usimame wima na ufungwe kamba, ukilala gesi ambayo bado ni kimiminika inaingia kwenye mpira. Paka povu la sabuni kwenye viungo kila unapobadilisha mtungi. Ukizima mashine, funga mtungi kwanza uiache imalize iliyomo kwenye mpira, ife yenyewe. Na jiko, kama mna jiko kwenye boti na hamko tayari kuliacha, mada hii ifungwe, chukua ya petroli.

Za kuchagua siyo nyingi. Tohatsu wa Japani wana hp 5 ya gesi, Mercury nao wanayo na kwa ndani ni ndugu kwa sababu Tohatsu ndiye anayemtengenezea Mercury mashine ndogo. Lehr wa Marekani ndio walianza kelele hizi mapema lakini spea zake ungezitafuta wapi? Tohatsu plagi na pangaboi unaweza kuagiza Dar, ni kilo 26 na kitu, mtu mmoja anaipandisha. Hp 5 haitairusha boti ya futi 21, itakusukuma polepole, ukikutana na upepo wa usoni kata kona ukafuate kisiwa kilicho karibu usilazimishe Mwanza. Pia usipite nayo juu ya magugumaji, tundu la maji ya kupoza ni dogo, ule mkojo wa maji unaotoka pembeni ya mashine ukikatika zima hapo hapo.

Kabla hujaagiza pima ubao wa nyuma unapofunga mashine, kutoka juu mpaka chini kwenye kitako cha boti. Inchi 15 ni shafti fupi, inchi 20 ni ndefu, na kama utaifunga pembeni kwa breketi, pima kutoka kwenye breketi siyo kwenye ubao. Weka vipimo hapa na picha ya nyuma ya boti nikuangalizie.