Riwaya ya mahakamani kwa masikio: isikilize shahidi kwa shahidi

Swali la wiki hii liliuliza hivi: riwaya ya kusisimua ya mahakamani ina mashahidi wengi, tarehe nyingi na vielelezo vingi, je, mtu anaweza kuifuata kwa kuisikiliza tu, au ni lazima ashike kitabu mkononi?

Inafuatika. Tena kuna sehemu inayonoga masikioni kuliko kwenye karatasi, nayo ni maswali ya dodoso, yale ambayo wakili wa upande wa pili anamhoji shahidi. Wengi hupotea kwa sababu wanaisikiliza kama mazungumzo ya redioni: wanaanza popote, wanakatiza popote, na kasi ni ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Riwaya ya aina hii ina kipimo chake cha ndani, na kipimo hicho ni shahidi. Shahidi anaapishwa, anaongozwa na wakili wa upande uliomwita, anadodoswa na wakili wa upande wa pili, anarudi kwa yule wa kwanza kwa maswali machache ya ufafanuzi, kisha anashuka. Hapo ndipo pa kupumzika. Ukikatiza katikati ya dodoso, kesho yake utarudi ukiwa umesahau alichosema alipokuwa akiongozwa, na maswali yote yatakuwa hayana kichwa wala miguu, maana kazi ya dodoso ni kubomoa kilichojengwa dakika ishirini zilizopita.

Hesabu yake si ngumu. Kitabu cha sauti kwa kawaida husomwa kwa kasi ya maneno kama 155 kwa dakika, yaani maneno 9,300 hivi kwa saa. Riwaya ya maneno 120,000 itachukua saa 13. Sura ya shahidi mmoja yenye maneno 4,000 ni dakika 26. Basi ukitenga nusu saa hadi dakika arobaini kwa mkupuo, shahidi mmoja anaingia na kutoka bila kukatwa. Ukiwa na dakika kumi tu, zitumie kwa sura za nje ya mahakama, kama wakili akiwa ofisini au mpelelezi akiwa njiani, ambazo hazidhuriki zikikatwa.

Sasa tazama kwa karibu sikio linachopata pale. Tuseme wakili wa utetezi anamhoji jirani wa mshtakiwa:

"Uliona gari jeupe likitoka."
"Ndiyo."
"Taa ya barabarani ilikuwa inawaka?"
"..."
"Shahidi, umesikia swali?"
"Sikumbuki."

Kwenye karatasi, jicho linaziruka zile nukta tatu. Kwenye sauti, msomaji mzuri anaziacha sekunde mbili za ukimya mtupu, na katika sekunde hizo mbili msikilizaji ameshajua kwamba ushahidi wa gari jeupe umekufa, kabla hata ya jibu. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa kufanya kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza ni kuingia kwenye mipangilio ya programu unayosikilizia na kuzima kipengele cha kuruka ukimya. Kipengele hicho kinasaidia kwenye mahojiano ya watu wanaosita na kujikuna kichwa. Katika riwaya ya mahakamani kinakata kitu chenyewe ulichokuja kukisikiliza: shahidi mwongo anajibu haraka sawa na shahidi mkweli. Mtu asiyejua kwamba kimewashwa anaweza kumaliza riwaya nzima akilalamika kwamba msomaji anakimbia.

Kasi nayo inataka akili. Kwa 1.25 unasikia maneno kama 194 kwa dakika, kwa 1.5 ni 232. Sura za nje ya mahakama zinavumilia 1.25 bila tabu. Ukifika kwenye dodoso na kwenye majumuisho ya mawakili, rudisha 1.0. Sababu ni kwamba dodoso ni sentensi fupi fupi za watu wawili wanaopokezana, na sikio linamtambua msemaji kwa mapigo ya sauti na pumzi iliyopo kati ya swali na jibu. Kasi ikipanda, pumzi hiyo inabanwa, na baada ya maswali sita hujui tena ni nani anauliza na nani anajibu. Hilo likikupata, rudi nyuma sekunde 30. Ni maneno kama 77, yaani maswali manne au matano pamoja na majibu yake, kiasi kinachotosha kumshika tena msemaji. Kurudi sekunde 10 hakukufikishi popote.

Kuhusu kumchagua msomaji, kionjo cha bure kinaweza kudanganya, kwa kuwa mara nyingi ni dakika chache za sura ya kwanza, na sura ya kwanza ya riwaya hizi huwa ni maiti, au simu ya usiku, au wakili aliyechoka. Mahakama haimo. Unamsikia msomaji akisimulia peke yake kwa sauti nzuri, lakini hujui atafanyaje akiwa na jaji, mawakili wawili na shahidi katika chumba kimoja. Ni heri kuazima kwanza kwenye maktaba ya kidijitali, au kutafuta kazi yake nyingine yenye mazungumzo ya watu wengi. Sikiliza kama anawatofautisha kwa mwendo na uzito wa sauti badala ya kumpachika kila mmoja lafudhi ya kuchekesha. Sikiliza pia anavyokatizwa. Wakili anaposema "Na usiku huo ulikuwa na" halafu mwenzake anadaka "Pingamizi!", neno la mwisho linapaswa kukatika kama limekatwa kwa kisu. Msomaji dhaifu anateremsha sauti kama amefika kwenye nukta, na pingamizi linaingia kistaarabu baada ya zamu yake. Joto lote la ukumbi linapotea hapo.

Kosa jingine la kusikilizia ni sauti kuhama. Saa moja iliyokamilika ya kitabu cha sauti inachukua takriban saa mbili za kurekodi, bado kuhariri na kusahihisha, kwa hiyo riwaya ya saa 13 hurekodiwa kwa siku nyingi. Mpelelezi aliyesikika sura ya 4 anarudi kizimba cha mashahidi sura ya 31. Wasomaji makini wanatunza kipande cha sauti ya kila mhusika na kukisikiliza upya kabla ya kuendelea. Wasiotunza, mpelelezi anarudi na sauti ya daktari, na msikilizaji anadhani ni shahidi mpya. Ukihisi hivyo, mfuate kwa cheo na jina alivyoapishwa, usiifuate sauti.

Matoleo yenye waigizaji kadhaa yanaondoa tatizo hilo, nami nayapenda kwa riwaya yenye mashahidi wengi, ingawa "alisema wakili" na "alijibu shahidi" zinabaki humo na kukwaruza kidogo. Nisichokishauri kamwe ni toleo lililofupishwa. Zamani za kanda, riwaya ya saa 13 ilikatwa hadi saa 3 au 6 ili ienee, na matoleo hayo bado yanazunguka. Mkataji huwaondoa mashahidi wadogo kwanza, na hapo wanaondoka washukiwa. Wakibaki wawili tu, siri imeisha kabla ya kesi kuanza. Tafuta maneno "toleo kamili" na linganisha muda: chini ya saa 7 kwa riwaya nene ni dalili mbaya.

Chukua karatasi moja na kalamu. Usichore meza yenye safu nane, hutaijaza ukiwa unasikiliza. Igawe mara nne: mashtaka, utetezi, mashahidi, na saa. Majina yaandike unavyoyasikia bila kujali tahajia, lakini kila jina lifuatane na kazi ya mtu. Waandishi wengine wana tabia mbaya ya kuwapa watu wawili majina yanayoanza kwa sauti moja, na kwa kusikia tu majina hayo yanaungana kuwa mtu mmoja. Kwenye uchaguzi wa wajumbe wa juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, majina yatamiminika kumi na zaidi kwa dakika chache. Yaache yapite. Shika tu yule ambaye mwandishi amempa kazi, tabia au jicho la kumtazama mshtakiwa, maana huyo atarudi kwenye mashauriano.

Ile robo ya karatasi unayoandikia saa ndiyo yenye faida kubwa, kwa kuwa mafumbo mengi ya aina hii yanafunguka kwa saa mbili zinazogongana. Kama riwaya ni ya Kiingereza, andika saa kama ilivyotamkwa kwa tarakimu, 9:40 usiku, wala usianze kuigeuza kuwa saa tatu na dakika arobaini huku shahidi anaendelea kusema. Ugeuzaji wa haraka ndio unaoleta kosa la saa sita, na kosa hilo linaua fumbo zima.

Kinachomwokoa msikilizaji aliyepotea ni kujua mpangilio wa kesi. Katika riwaya za Marekani, ambazo ndizo nyingi, kesi ya jinai inakwenda hivi: uchaguzi wa juri, hotuba za ufunguzi, mashahidi wa mashtaka, ombi la utetezi kwamba hakuna kesi ya kujibu, mashahidi wa utetezi, majumuisho, maelekezo ya jaji kwa juri, mashauriano, uamuzi. Ukisinzia ukaamka, jiulize ni nani anayemwongoza shahidi bila kuruhusiwa kumwekea maneno mdomoni. Upande huo ndio uliomwita. Swali elekezi, lile lenye jibu ndani yake, kwa kawaida linakatazwa kwa shahidi wako na linaruhusiwa kwa shahidi wa mwenzako, ndiyo sababu dodoso linasikika kama mfululizo wa kauli zinazoishia na "si kweli?"

Jaribu pia kukumbuka kesi ya Brady dhidi ya Maryland ya 1963, iliyowalazimisha waendesha mashtaka wa Marekani kuupa utetezi ushahidi muhimu unaomsaidia mshtakiwa. Karatasi iliyofichwa ambayo inaibuka katikati ya riwaya uzito wake unatoka hapo. Na kuhusu uamuzi: tangu kesi ya Ramos dhidi ya Louisiana ya 2020, kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa kunahitaji juri nzima ikubaliane katika kila jimbo. Kabla ya hapo Oregon iliruhusu kura 10 kwa 2 kwa makosa mengi, kwa hiyo riwaya iliyowekwa huko miaka ya nyuma inaweza kuisha kwa hesabu hiyo bila mwandishi kukosea.

Uingereza ni tofauti. Kura 10 kati ya 12 zinaweza kukubaliwa tangu sheria ya 1967, na jaji anaufupisha ushahidi wenyewe kwa juri, si sheria peke yake. Sura hiyo ya jaji ni zawadi kwa msikilizaji: mambo yote yanarudiwa kwa mpangilio, kwa sauti moja. Usiiruke hata kama inaonekana ya kuchosha. Na ukisikia mlio wa nyundo ya jaji katika kesi ya Uingereza, jua aliyeweka mlio huo hakuuliza, maana majaji wa kule hawatumii nyundo.

Nyaraka ndizo adui halisi. Barua pepe ikisomwa kwa sauti, anwani, tarehe na orodha ya waliopelekewa nakala zinapita kama maji. Katika yote hayo shika vitu viwili: tarehe, na jina la aliyepata nakala. Vitabu vingine vya sauti vinakuja na faili ya kuambatana yenye ramani au nakala ya hati, ambayo hukaa kwenye ukurasa wa maelezo ya kitabu na watu hawaifungui. Ifungue kabla ya sura ya kwanza.

Mambo madogo ya kifaa yasikucheleweshe. Pakua kitabu chote kwanza. Kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde, unaotosha kabisa kwa sauti ya mtu anayesoma, saa 13 ni takriban megabaiti 375. Hedifoni zisizo na waya huweza kumeza nusu sekunde ya kwanza baada ya kusitisha, na nusu sekunde hiyo inaweza kuwa neno "si" la "si kweli", kwa hiyo rudi nyuma kidogo kila unapoanza tena. Kipima usingizi kiweke kwenye "mwisho wa sura", wala si kwenye dakika. Ficha muda uliobaki ikiwa programu inaruhusu: uamuzi wa juri ukisomwa huku zimebaki saa mbili, umeshajua kwamba uamuzi huo si mwisho wa mambo. Orodha ya sura pia usiipekue, kwani baadhi zina vichwa vinavyosema kila kitu.

Kuna aina moja ambayo ningeisikiliza nikiwa na kitabu cha karatasi kando: kesi ya madai inayosimama juu ya kifungu kimoja cha mkataba, ambapo koma au neno "na" badala ya "au" ndilo linaloamua mabilioni. Sikio halioni koma. Kifungu kikisomwa mara ya kwanza, sitisha, kitafute kwenye kitabu, kinakili neno kwa neno juu ya ile karatasi yako ya robo nne, kisha endelea kusikiliza.